Pikapu ya Kumrudisha Mama

Mume wangu ni fundi wa malori, na katika lugha yao gari zuri maana yake ni gari gumu. Laiti ningelikumbuka hilo kabla sijamwambia, "Mama anaruhusiwa kesho. Itengeneze pikapu iwe nzuri."

Mama alikuwa amevunjika pingili ya mgongo. Daktari alikubali arudi nyumbani kwa sharti kwamba alale chali njia nzima, tena asirushwerushwe. Teksi haina pa kumlaza mtu, kwa hiyo tukaweka godoro nyuma ya pikapu, chini ya turubai.

Kesho yake tukaenda kumchukua. Shimo la kwanza tu, kichwa changu kikagonga paa.

"Umeifanya nini hii?"

"Nimeiongezea bamba la springi kila upande," akasema, anajichekea. "Sasa hata tani mbili inabeba."

"Tani mbili! Mama yangu hafiki hata kilo hamsini, baba!"

Uso ukamshuka. Badala ya kumhurumia nikaendelea kumpasha mpaka getini mwa hospitali, maana mimi nikiogopa, mdomo haufungiki. Alitaka kumfurahisha mkwewe, basi. Tangu tuoane Mama alimwita "huyo fundi wako", naye humwamkia kwa adabu zote kisha akaketi mbali.

Kwenye maegesho akatandika gunia, akaingia chini ya pikapu na spana zake.

"Ona kile kigari pale," akasema kutoka huko chini. "Kila gurudumu lina springi yake ya kuviringwa. Moja likiingia shimoni, mwenzake hana habari. Na lile basi jipya limekalia mifuko ya upepo. Hii yetu ni ndugu yake lori, mabamba juu ya mabamba, na ekseli moja imeyafunga magurudumu pamoja. Kazi yake kubeba. Ukiiacha tupu inapiga mateke."

"Kwa hiyo Mama tunamwacha hapa?"

"Natoa mabamba niliyoongeza, halafu tunaipa mzigo."

Akaomba mchanga kwa waashi waliokuwa wakijenga ukuta wa hospitali, akajaza viroba, akavipanga juu ya ekseli mpaka pikapu ikatulia chini. Akapunguza upepo kwenye matairi. Shati lilimganda mgongoni kwa jasho. Nilimpenda kuliko siku ya harusi, nasema wazi.

Mama aliletwa kwa machela, akamtazama juu hadi chini.

"Huyo fundi wako maji hayajui?"

"Shikamoo, mama," mume wangu akajibu, akapanda nyuma, akapiga magoti kichwani pake na kuingiza mikono yote miwili chini ya godoro ili apokee yeye mitikisiko.

Nikaendesha mimi, kidirisha cha nyuma nimekiacha wazi ili nisikie. Lami ikaisha. Mashimo yakaja, madogo kwa makubwa, pikapu ikawa inayumba taratibu na Mama kimya. Kimya chake kilinitisha kuliko kelele. Nikageuka kumtazama kidogo tu, na papo hapo gurudumu likazama. Puu! Nikakanyaga breki.

"Mama! Umeumia?"

"Wewe!" sauti yake ikaja, kali kama ya zamani. "Huna macho? Umemgongesha mwanangu kichwa!"

Mama hakuwahi kuzaa mtoto wa kiume. Alinizaa mimi tu, na mimi ndiye niliyeshika usukani.