Milioni Moja na Tatu

Kaka yangu Adelard alikuwa mwalimu wa hesabu. Bodaboda ilimwangusha njia ya Kayanga, akaumia kichwa, shule ikamweka nyumbani. Baada ya mwaka, mwenzake wa zamani kazini, Mwalimu Gaudiosus, akampa namba moja: 1,000,003. Atafute kama kuna namba inayoigawa bila kubakiza kitu. Akileta jibu sahihi, atamsemea kwa mkuu wa shule arudishwe kazini.

Adelard akaanza kugawanya kwa chaki ukutani. Kwa saba inabaki, kwa kumi na moja inabaki. Mama yetu Kokubanza alimtia moyo.

"Endelea tu. Kubwa hivyo itakosaje kugawanyika? Kibanja cha migomba cha babu yenu kilitosha watoto kumi na mmoja."

Sote tulisema hivyo. Huku Nyabiyonza kinachokataa kugawanywa ni kitu kidogo. Mkewe Speciose naye aliamini. Kaka zake wa Ihembe walitaka kumrudisha kwao, akawaomba wasubiri jibu.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilichoka kusubiri. Nikamfuata Gaudiosus hadi Kayanga.

"Haigawanyiki," akasema. "Ni namba tasa. Kwa moja na kwa yenyewe, basi."

"Sasa Mwalimu, unamcheka mgonjwa?"

"Nampima. Kama ingekuwa na vigawanyo, kimoja kisingezidi elfu moja. Afike hapo akose, aje aseme haigawanyiki. Nitajua kichwa kimerudi."

Nikarudi mbio. Asubuhi ile nilimwacha amefika 991 na hajapata kitu. Maana yake hajakosea popote. Kwa hesabu ya Gaudiosus ilibaki namba tasa moja tu kabla ya elfu, 997.

Nikamkuta Adelard mlangoni amevaa shati jeupe.

"Nimeipata, mdogo wangu. 997 mara 1,003. Wewe wa darasa la nne ulidhani nitashindwa."

Mama alikuwa anacheka peke yake. Speciose alikuwa ananyoosha suruali ya mumewe kwa pasi ya mkaa. Alishawapigia kaka zake wasije.

Nikatazama ukuta. Tarakimu za mwisho, saba mara tatu, ni ishirini na moja. Jibu lilipaswa kuishia na moja. Lake liliishia na tatu.

"Kaka, saba mara tatu ngapi?"

"Ishirini na tatu," akajibu, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Speciose akasimamisha pasi.

"Shemeji, si imegawanyika?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini kesho Adelard angesimama mbele ya Gaudiosus na ile ishirini na tatu yake.

"Haigawanyiki," nikasema. "Haikuwa ya kugawanyika."

Adelard akacheka, akasema nina wivu. Speciose akaikunja suruali, upande mmoja bado una makunyanzi, akatoka na simu nyuma ya nyumba. Alizungumza na kaka zake kwa Kinyarwanda, lugha ya kwao, nami nilielewa vya kutosha.

Ndani, kaka alikuwa anauliza viatu vyake viko wapi.