Kheri Isiyo na Nukta

Mwezi wa Mlisho, yaani Shaabani, ukiingia, chuo changu cha Bondeni, Mombasa, hunukia udi na halua, na mimi, Maalim Muhdhar, huwa mkali kuliko siku zote. Ndio msimu wa kuhitimu. Watoto waliokuja hawajui alifu wala be huondoka wakisoma na kuandika, na wazazi wao huja kunishukuru. Mke wangu Tumu husema ukali wangu ni machozi yanayotafuta mlango. Simjibu. Tumu ukimjibu, mtakesha.

Mwaka huu shukrani ni zangu mimi, na nitazisema. Nawashukuru wanafunzi wangu wote, lakini yuko mmoja namshukuru zaidi, na huyo nusura nimfukuze.

Jina lake Saadia, bintiye Yeslam, muuza nguo. Aliletwa kusoma Kurani, akataka na kuandika pia. Lo, maneno yaliyosemwa barazani! Ati msichana akijua kuandika, atamwandikia nani? Nikawaambia, "Atawaandikia nyinyi, mkisafiri mkanyamaza." Nikamfunza.

Nilimfunza barua, maana barua zetu zina adabu zake. Kwanza salamu. Kisha, "Sisi sote wazima, hatuna ila kheri." Ndipo yaje mengine, hata kama nyumba imeungua.

"Maalim," Saadia akaniuliza, "na kama hiyo kheri haipo?"

"Utaandika ipo! Barua si kilio cha matangani."

Basi mwezi wa Rajabu ilinifikia barua ya ndugu yangu Hadi. Hadi ni mdogo wangu, tumbo moja. Tangu gari la moshi lianze kufika Voi amekuwa akiuza nguo na shanga juu ya milima ya Taita. Barua ilikuwa fupi, adabu zake zote zimo. Nikawapa wanafunzi waipitishe mkono kwa mkono, wajifunze. Ilipomfika Saadia, haikuendelea.

"Maalim, ndugu yako Hadi haandiki hivi."

"Haandiki vipi?"

"Mwaka jana ulitusomesha barua yake, kila nukta mahali pake. Tazama hii. Ameandika *hatuna ila kheri*, na hiyo kheri haina nukta."

Anayejua hati zetu za Kiarabu ataelewa. Neno kheri huanza na herufi yenye nukta moja juu. Ukiiacha, umeandika herufi nyingine. Hadi aliwahi kugombana nami siku tatu kwa ajili ya nukta niliyoisahau mimi.

"Na mistari yote inashuka," akasema. "Aliyeandika alikuwa amelala kitandani."

Wallahi, nilipandwa na hasira! Mtoto wa juzi anisomee mkono wa ndugu yangu? Nikamwambia ana mdomo mrefu, nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikamtoa nje ya darasa. Nikaapa kwamba Mlisho huu hatahitimu.

Nyumbani nikamsimulia Tumu, nikitaka acheke nami nicheke. Hakucheka. Akaichukua barua, ambayo hawezi kuisoma, akaitazama kitambo.

"Na wewe mwenyewe umeonaje?"

"Amesema hana ila kheri."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Muhdhar. Nenda ukamtazame nduguyo."

Kesho yake asubuhi nilikuwa ndani ya gari la moshi, na Tumu amenifungia mikate ya kutosha msafara mzima.

Voi nikampata Chirau, mchukuzi, kijana wa Kiduruma aijuaye njia. Tulikwenda kwa miguu siku mbili, na siku ya pili ilikuwa mlima mtupu. Miaka thelathini nimekaa juu ya mkeka nikiwa na bakora. Magoti yangu hayajui kitu kiitwacho kupanda. Kila tulipopumzika Chirau alinigeukia.

"Hujambo, Maalim?"

"Sijambo."

"Sijambo gani hiyo, na umekalia siafu?"

Nikaruka, mguu ukapotoka, nikaanguka kwenye mawe. Guu langu, si la Saadia. Nikacheka peke yangu pale chini huku nauma meno, na Chirau akadhani nimepata wazimu. Kisha kicheko kikaisha, hofu ikanishika. Mtu aliyekalia siafu amesema hajambo. Je, yule aliyeko juu huko? Nikaomba fimbo, nikapanda kwa kuchechemea. Sikuomba kupumzika tena.

Nilimkuta Hadi kitandani katika kibanda cha bidhaa zake. Homa ilikuwa imemla wiki tatu, amebaki macho na pua. Jirani mmoja alikuwa akimpa uji. Aliponiona, akajaribu kuinuka.

"Karibu, Kaka. Za Mombasa?"

"Hujambo, Hadi?"

"Sijambo, alhamdulillahi," akasema, na mara akazirai.

Chirau alikusanya watu wanne, tukamteremsha kwa machela, mimi nyuma na fimbo yangu. Njia nzima nilisoma dua na kumtaja Saadia ndani yake. Tulipofika Mombasa, tabibu alimpima Hadi.

"Ungechelewa wiki moja," akasema, "ungekwenda kumzika."

Nilikwenda kwa Yeslam mchana ule ule, na guu langu limevimba. Nikamwomba bintiye msamaha mbele ya babake. Saadia aliinama, akaniuliza kama Hadi anakula. Hakuuliza kitu kingine.

Siku ya kuhitimu chuo kilijaa. Hadi alikaa karibu na mlango, amejifunika shali, anakula halua aliyokatazwa na tabibu. Niliwaita wanafunzi mmoja mmoja, nikawapa hati zao. Ya Saadia niliiandika mwisho, pale pale mbele ya watu: *Saadia binti Yeslam amehitimu chuoni kwangu, nami sikuona kwake ila kheri.*

Aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akaisoma. Akaisoma tena. Watu wakaanza kukohoa. Kisha akanisogelea, akaninong'oneza.

"Maalim, kheri haina nukta."

Nikatazama. Kweli, haina.

"Maalim," akasema polepole, "hujambo?"

Swali hilo nimeulizwa tangu nijue kusema, na jibu langu limekuwa moja. Sisi watu wa Mvita hata tukitiwa mchangani tutasema hatujambo. Nikafungua kinywa nimjibu vivyo hivyo, mbele ya wazee na wazazi, likatoka jingine.

"La, mwanangu, nina jambo," nikasema. "Nalia. Umenirudishia ndugu yangu, nami nilikutoa nje."

Hadi aliacha kutafuna. Nyuma ya pazia la wanawake nilimsikia Tumu akipenga kamasi.

Nikampa Saadia kalamu yangu. Akaichovya wino, akaiweka hati juu ya marufaa ya Kurani, akatia nukta.