Sitini na Mmoja Wanaosubiri

Rumaisa Shariff aliwasha kiyoyozi cha chumba cha mashine, akapangusa kabati la diski, akaketi. Ilikuwa Alhamisi, mwisho wa Januari 2008, na ofisi ya Nakuru ya kampuni ya maua ilikuwa na watu wachache kwa sababu ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimefunga barabara. Diski zake ziliunganishwa kwa mtandao na diski nyingine Naivasha, shambani kwenyewe. Kilichoandikwa Nakuru kilijiandika Naivasha baada ya sekunde mbili. Mara mojamoja vitu vingine pia vilipita. Mwezi wa Novemba kilipita kikombe chake cha chai, na Dalmas, fundi wa Naivasha, akakirudisha kwa basi kikiwa kimeoshwa.

Saa tatu meneja Hiram aliingia na karatasi yenye majina sitini na mawili, wafanyakazi ambao majirani walikuwa wameanza kusema si wa hapa.

"Futa hawa. Wale vijana wakikuja kuuliza, tunasema hatuna mtu kama huyo. Mambo ikitulia tunawarudisha. Kopi si iko Naivasha?"

"Boss, hiyo ya Naivasha si ya kuweka akiba. Ukifuta hapa, na kule inafutika."

"Futa moja tuone."

Rumaisa alifuta jina la kwanza, na kwa hilo hajajisamehe mpaka leo. Simu ikalia kabla hajainua kidole.

"Madam, umefuta nini?" Dalmas aliuliza. "Wamenipigia kutoka greenhouse ya nne. Kuna mama alikuwa anakata waridi. Saa hii kuna makasi na gumboots tu."

Rumaisa alimweleza meneja. Hiram alifikiri kidogo.

"Afadhali hivyo," alisema. "Huko nje wanachoma watu."

Akavuta kiti ili amalizie mwenyewe. Jina la mwisho kwenye karatasi lilikuwa la Dalmas.

"Dalmas, chomoa waya!" Rumaisa alipiga kelele kwenye simu. "Chomoa saa hii!"

Dalmas akachomoa waya wa mtandao. Hiram alifuta yote sitini na moja yaliyobaki bila haraka, akihakiki kila herufi, kisha akabadilisha nywila. Lakini mashine za aina ile hazisahau kazi. Waya ukikatika, hupanga mabadiliko foleni hadi njia ifunguke. Kwenye skrini paliandikwa kwamba sitini na moja yanasubiri.

Dalmas alikaa sakafuni siku nne, waya mkononi. Mkewe, Namalwa, alimletea ugali na samaki kutoka ufuo wa Kamere. Rumaisa alijaribu kuyarudisha majina kwa kila nywila aliyoweza kubuni, akashindwa, akachukia mikono yake mwenyewe.

Jumatatu oda za waridi za Valentine zilikuwa zimekwama kwa kukosa mtandao. Askari wa kampuni walimwinua Dalmas kwa adabu, wakamketisha kwenye kiti, mmoja akachomeka waya. Kule Nakuru hesabu ya skrini ilishuka taratibu mpaka sifuri, na mashine ikaripoti kwamba pande zote mbili zinalingana. Rumaisa alilia. Hiram alimpa leso, akaenda kupiga simu za wanunuzi.

Saa sita Namalwa alipiga.

"Madam, shati ya Dalmas imebaki kwa kiti. Iko na nembo ya kampuni. Niichukue ama niiache?"

Rumaisa alitazama ratiba mpya ya kazi ya Naivasha iliyokuwa imeletwa mezani.

"Ichukue, dada," alisema. "Na ufanye haraka. Fundi mpya anaripoti saa nane."