Risasi Iliyoitwa Glenys

Merv Trembath alipofariki alimwachia mkewe nyumba, kondoo wakaidi, pikapu isiyotaka kuwaka asubuhi za baridi, na risasi yenye jina lake. Jina la mke, si la Merv. Risasi hiyo haiuzwi katika duka lolote, maana Merv aliibuni mwenyewe bandani: alichukua ganda la risasi ya bunduki ya zamani ya jeshi, akalibana shingo, akalitanua mabega, akalipunguza urefu. Watu wa klabu ya shabaha ya Warrabilla huziita risasi za namna hiyo paka-mwitu, na kila anayebuni ya kwake huipa jina.

"Ni fupi, ina mabega mapana, na ikilipuka mji mzima unasikia," Merv aliwaambia walipomuuliza. "Niiiteje kama si Glenys?"

Glenys alimnunia wiki nzima. Na kila mwaka, siku ya mashindano ya paka-mwitu, jina lilipotangazwa na wanaume wakaanza kucheka, yeye alijitia kuhesabu vikombe vya chai.

Lakini kwenye ukuta wa kibanda cha klabu kuna ubao wa majina ya paka-mwitu, na ubao huo hauna huruma. Umejaa. Risasi isiyopigwa raundi kumi, yaani kufyatuliwa mara kumi, katika mashindano ya mwaka hukwanguliwa jina kwa kisu, nafasi akapewa anayesubiri. Tena mpigaji lazima awe ameunda maganda kwa mikono yake mwenyewe. Ya kuundiwa hayahesabiki. Maganda ya Merv yote yalikuwa yamepasuka shingo kwa uzee. Glenys aliposikia kwamba jina lile alilolichukia miaka yote litakwanguliwa, alishikwa na hasira ambayo hakujua kama anayo.

"Wamkwangue nani?" akaiuliza birika.

Kulenga hakukuwa na shida. Alikuwa akiwapiga mbweha waliokuja kwenye kondoo tangu hajaolewa. Shida ilikuwa kuunda. Merv alimwachia kopo la biskuti lenye maganda ya jeshi yasiyofanyiwa kitu, na kalibu za chuma za kuyafinyia, na mashine ya mkono iliyofungwa kwenye meza ya bandani. Maelezo hakuacha, kwa sababu yote yalikuwa kichwani mwake, na kichwa alikwenda nacho.

Glenys ni mpishi wa keki, na mpishi wa keki hawezi kuliacha bati bila kulipaka mafuta ya kutosha. Akayapaka maganda mafuta ya kutosha, akayasukuma kwenye kalibu, akavuta mkono wa mashine kwa nguvu za mama aliyekwishakanda unga mwingi. Yakatoka yamebonyea mabega.

Clarrie Nankivell, rafiki wa Merv tangu shule, alipita na kuliokota moja.

"Shemeji, hili ni ganda, au umelikalia?"

"Ukicheka utakwenda na njaa yako."

"Sicheki. Mafuta yanataka kugusa tu. Yakizidi hayana pa kukimbilia mle ndani, yanaibonyeza shaba. Halafu shingo umezipitisha kwenye moto?"

"Moto gani?"

Clarrie akavuta kiti. Alimwonyesha jinsi ya kufunga dirisha ili giza liingie bandani, na kuizungusha shingo ya ganda kwenye moto wa gesi mpaka rangi ianze tu kubadilika, kisha kuacha. Ukiwahi, shingo inapasuka. Ukichelewa, umeharibu. Na moto usishuke kitakoni kamwe, kwa maana kitako kikilegea bunduki inaweza kukurudia usoni. Kisha akatia mikono yake mifukoni na hakugusa hata ganda moja. Sheria ni sheria, na hapo ndipo Glenys alipokumbuka kwamba huyu ndiye anayesubiri nafasi kwenye ubao. Risasi yake imesubiri miaka.

"Clarrie, wewe unanifundisha ya nini? Nikishindwa si ndiyo unapanda wewe?"

"Nikipanda kwa namna hiyo, Merv atanitokea chooni. Zungusha, zungusha, usiniangalie mimi."

Hatua ya mwisho ilikuwa ya kuyatanua mabega. Ganda linapigwa kwanza bila kichwa cha risasi: baruti kidogo, na juu yake ngano ya chengachenga ya kupikia uji, ili mlipuko ulisukume ganda lichukue umbo la chemba ya bunduki. Glenys akaingia jikoni, akachukua pakiti iliyokuwa mbele, akaenda malishoni na kupiga kuelekea mbinguni. Clarrie alipofika alimkuta anasugua mtutu kwa maji ya moto huku analaani. Akanusa.

"Vanila?"

"Ndiyo iliyokuwepo. Ina sukari yake humo humo."

"Merv alikuwa akitumia ya kawaida."

"Merv alikuwa akitumia ya kwangu. Miaka yote hiyo nilikuwa natega panya."

Wakacheka mpaka Clarrie akakaa chini kwenye nyasi, na Glenys akagundua kwamba hajacheka namna hiyo tangu mazishi. Lakini yalipokaguliwa maganda, mengine yalikuwa na mabonyeo, mengine yamechanika shingo, na mazima yalibaki saba tu. Kopo lilikuwa tupu. Maganda ya jeshi ya aina ile siku hizi hayaonekani ovyo.

Ijumaa jioni, mkesha wa mashindano, Clarrie akaja na kitambaa mfukoni. Akakifungua mezani. Ndani yake maganda matatu, yametengenezwa vizuri kuliko ya Glenys.

"Nani atajua?" akasema, bila kumtazama.

Glenys akayatia kwenye mfuko wa aproni. Alimshukuru, na alilala akiwa na nia kabisa ya kuyatumia, asisingiziwe utakatifu.

Kesho yake Rhonda Schirmer, msimamizi wa mashindano, alikuwa mezani na miwani yake puani. Rhonda humuuliza kila mtu swali moja, hata kaka yake: "Umeyaunda mwenyewe?"

Glenys akafungua mdomo aseme ndiyo. Akayatazama yale matatu. Yaling'aa. Ya kwake yalikuwa na kovu hapa na pale, na alijua kila kovu limetoka wapi. Ikamjia kwamba jina likibaki ubaoni kwa uongo, basi limekwishakwanguliwa, ila yeye peke yake ndiye atakayeona.

"Saba ni yangu," akasema. "Haya matatu niliundiwa."

Clarrie akawa anakagua dari.

"Basi ni saba, Glenys," akasema Rhonda taratibu. "Na sheria ni kumi."

"Raundi kumi. Kuna mahali imeandikwa maganda kumi?"

Rhonda akavua miwani. Kila mtu pale alijua kwamba ganda likishapigwa hujazwa tena. Ni kazi wanayoifanya majumbani mwao maisha yao yote. Ila hakuna aliyewahi kuifanya katikati ya mashindano, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika na maganda pungufu.

"Una muda mpaka soseji zinazochomwa pale nje ziive," Rhonda akasema.

Glenys akapiga zake saba, akakimbilia pikapu ya Merv. Nyuma yake kulikuwa na kimashine kidogo kilichofungwa kwa skrubu, na sanduku la fataki za kuwashia, baruti na vichwa vya risasi ambalo marehemu hakulitoa kamwe. Akapachika fataki mpya, akapima baruti kwenye mzani, akarudia kupima, akakaza vichwa vya risasi. Watu wakamzunguka, lakini mbali kidogo, wakishauriana kwa kunong'ona kama watu waliokuja kumwona mzazi. Kule kwenye jiko la kuchomea, Clarrie alikuwa amemnyang'anya mtu koleo na kupunguza moto hadi soseji zikawa zinalala tu.

"Clarrie, hizo unazichoma au unazibembeleza?" mtu akamuuliza.

"Nyama haipelekwi mbio," akajibu.

Raundi ya nane ikaenda. Ya tisa ikaenda. Ya kumi ilipolia, mlio ukagonga vilima na kurudi, na Glenys akaiweka bunduki chini, akalia mbele ya watu wote bila kujificha, huku anacheka. Alama zake zilikuwa za katikati tu. Hakuna aliyeziulizia.

Rhonda akapanda kwenye kiti akiwa na brashi na kikopo cha rangi nyeupe. Pembeni ya kila risasi ubaoni huandikwa mpigaji wa mwaka, na pembeni ya hii, mstari baada ya mstari, palikuwa pameandikwa M. Trembath, M. Trembath, mpaka chini.

"Niandike kama kawaida?" Rhonda akauliza. "Wengi huomba ibaki ya marehemu. Haidhuru kitu."

Glenys akaitazama ile safu ndefu ya mumewe. Alikuwa amekuja kwa ajili hiyo hiyo, isikatike. Akafuta pua kwa aproni iliyokuwa bado inanuka baruti.

"Acha nafasi kidogo hapo," akasema. "Halafu andika G."