Sauti ya Chini ya Mzee Varlami

Betri za kinasa sauti hazikupatikana mkoa mzima wa Guria hata kwa dawa, na umeme ulikuwa umekatika tangu vita. Kwa hiyo Vakhushti alikwenda kwa mzee Varlami na kalamu tu, yeye na dada yake Darejani. Pasaka ilikuwa keshokutwa. Wimbo wa Pasaka wa kanisa lao, uliopigwa marufuku na serikali kwa miaka sabini, una sauti tatu zinazoimbwa pamoja: ya juu, ya kati na ya chini. Padri mmoja alizificha karatasi zake chini ya sakafu. Panya wakaacha mbili, wakala ile ya sauti ya chini. Aliyebaki hai akiijua ni Varlami, na daktari alishasema hamalizi wiki.

"Babu, tuimbie sauti yako," Vakhushti alimsihi.

"Peke yangu? Wimbo siujui, mwanangu. Najua pa kuweka sauti yangu wenzangu wakiimba. Imbeni, nitaingia."

Wakaimba, Vakhushti sauti ya juu, Darejani ya kati. Kutoka kwenye kile kifua kilichochoka ikatoka sauti nzito, ikaenda mahali ambapo Vakhushti, kwa miaka sita ya kubahatisha, hakuwahi kupafikiria. Akanyamaza ili aandike. Mzee naye akanyamaza.

"Mbona umenitoroka?"

Wakaanza upya. Safari hii Darejani ndiye aliyeacha kuimba akachukua kalamu. Mzee akapotea baada ya maneno mawili, akabaki anapapasa shuka. "Wa katikati yuko wapi? Nyie mnaimba kwa zamu kama majogoo?"

Wakamwita Lamara, mkwe wa mzee, kutoka jikoni aje aandike, mikono imejaa unga wa mahindi. "Niandike muziki, mimi?" akasema. "Mimi nijuacho ni mkate."

Pumzi za mzee zilianza kukatika. Vakhushti alikata tamaa kabisa, akaitupa kalamu. "Tuimbe mpaka mwisho," alimwambia dada yake. "Tuishike kwa masikio. Hakuna njia nyingine."

Wakaimba wote watatu, wimbo mzima. Ulikuwa mzuri mno, hata Lamara akakaa chini palepale mlangoni. Ulipokwisha, Varlami akatabasamu, akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Nje, chini ya mzabibu, Vakhushti alimshika dada yake mabega. "Niambie umeishika sauti yake."

"Nimeshika yangu," Darejani alisema huku analia. "Na wewe?"

"Yangu."