Koti la Bonde Zima

Effie alikuja kuchukua koti Jumatatu asubuhi, na mimi nikafungua kabati nikiwa na hakika kabisa kwamba limo. Mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye msumari wake, nyuma ya makoti ya mvua, ukashika hewa.

"Umelipeleka kufuliwa?" Effie akauliza.

"Labda," nikasema.

Mwaka ule kila kitu kilikuwa labda. Mume wangu Hector alifariki mwezi wa pili, na sasa ilikuwa Juni, na katikati hapo nilikuwa nimepotea mchana kweupe ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Naweka birika jikoni, likichemka sijui nilitaka chai au nilitaka kuosha vyombo. Naenda kwa kuku na kibiriti, narudi nyumbani na punje za shayiri mfukoni.

"Harusi ni Jumamosi, Dolina. Mwanangu Hughie ana kilti ya babu yake, ana soksi, ana mkoba wa mbele, ana viatu. Koti tu."

"Utalipata, shoga. Kunywa chai kwanza."

"Chai ipi? Umenimiminia maji matupu."

Nilitazama kikombe. Kweli, yalikuwa maji matupu.

Sasa niseme koti lenyewe. Bonde letu lilikuwa na nyumba kumi na moja, na kilti, ile sketi ya sufu ya wanaume yenye marinda, karibu kila nyumba, maana kilti haichakai; baba anaiacha, mtoto anaichukua. Koti la kuvaa nayo ni jambo jingine. Hilo hukatwa fupi, liishie chini kidogo ya kiuno, na kingo za mbele huviringwa ili mkoba uonekane. Huwezi kulivaa na suruali ukaenda nalo mnadani kuuza kondoo. Nani angenunua koti la kuvaa siku moja? Kwa hiyo tulikuwa na moja. La sufu nzito, kijivu chenye ukijani ndani yake, kama mawe ya mtoni. Tangu vita viishe, kila mwanamume wa bonde letu aliyeoa alioa ndani ya koti lile, kisha likabaki limetundikwa kwake mpaka mwingine aje kuliomba. Ingia nyumba yoyote utazame picha ya harusi iliyo juu ya meko: nyuso mbalimbali, koti moja. Huyu mikono imemfunika vidole, yule viwiko karibu vitoke nje. Na wote wana uso wa mtu anayebanwa kwapani.

Wa mwisho kuoa alikuwa mwanangu Alasdair, miaka miwili nyuma. Yeye na mkewe wakahamia Kanada, koti likabaki kwangu.

Effie alipoondoka nililitafuta kama mtu anayetafuta mtoto. Chini ya kitanda, kwenye sanduku la mablanketi, ghalani, hata ndani ya oveni. Jioni nikafungua droo ya kabati la sahani, nikakuta bahasha aliyonipa Bwana Gunn siku ya mazishi. Gunn alikuwa seremala wa ng'ambo ya mlima. Alitengeneza milango, mashua na majeneza, na ndiye aliyewavika marehemu. Juu ya bahasha alikuwa ameandika kwa penseli yake nene: *Vya mfukoni*. Sikuwahi kuifungua.

Ndani mlikuwa na kijitawi cha ua jeupe la mlimani, kimekauka mpaka kinataka kuwa vumbi. Peremende moja ya mnanaa, ngumu kama jiwe. Na sarafu ya zamani ya peni sita, ambayo hata dukani haipokelewi tena.

Nilivijua. Vilikuwa vitu vya koti. Hakuna aliyejua nani alivitia, na hakuna bwana harusi aliyethubutu kuvitoa.

Hapo nikakaa kwenye sakafu, maana kiti kilikuwa mbali.

Ile asubuhi ya Februari ilinirudia vipande vipande, kama redio ya betri iliyoisha. Gunn amesimama chumbani, kofia mkononi. Kilti ya Hector iko juu ya kitanda. Mimi nimeshika koti. Gunn ananiuliza, "Ndilo lake, Dolina?"

Na sauti yangu ikajibu, "Ndilo."

Je, nilisahau kuwa ni la watu wote? Au nilijua, nikataka alale alivyokuwa siku aliponioa? Nimeyapindua maswali hayo miaka mingi, mpaka leo sijui. Nilichojua siku ile ni kimoja tu: koti la bonde zima liko futi sita chini ya ardhi, na Jumamosi Hughie atasimama madhabahuni na sweta.

Jumanne alfajiri nikapanda basi la posta kwenda mjini Inverness.

Nilikuwa nimezoea duka la mbegu na duka la nyavu. Lile duka la makoti lilinitia kizunguzungu. Makoti meusi yenye vifungo vya fedha, ya mahameli yenye kola za lesi, ya buluu, ya kahawia, mengine yana mikia nyuma kama mbayuwayu. Kijana wa duka akanijia, nywele zimelainishwa kwa mafuta.

"Unataka la mchana au la jioni, mama?"

"La harusi."

"Harusi ya saa ngapi?"

"Inaanza saa nane mchana."

"Basi la mchana. Na inaisha?"

"Watu wakiishiwa nguvu."

Akakuna kichwa. "Hapo tena, la jioni. Kifua chake inchi ngapi?"

"Cha nani?"

"Cha atakayevaa, mama."

"Watavaa wengi," nikasema.

Alinitazama kama ng'ombe anavyotazama lango jipya. Nikajaribu kueleza, nikajikanyaga. Nikasema ni la bwana harusi, halafu nikasema ni la marehemu, halafu nikasema si la marehemu ila yuko nalo. Mwishowe nikachoka kueleza. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu vaa hili."

Akavaa. Nikaweka kiganja changu cha kushoto begani kwake, kama tunavyofanya wakati wa kucheza dansi, nikafumba macho. Silo. Akavaa la pili. Laini mno. La tatu, bega limeanguka. Kila mwanamke wa bonde letu aliwahi kucheza mkono wake ukiwa juu ya koti lile. Kiganja kilikuwa kinalijua kuliko kichwa. Kijana alikuwa mwekundu mpaka masikioni, lakini alivumilia, Mungu ambariki.

"Mwache huyo, mama, atazimia," sauti ikasema. Fundi mzee alikuwa amekaa nyuma ya pazia, miguu imekunjwa juu ya meza, sindano mdomoni. Alikuwa amesikia yote. "Hilo lenu lilikuwa linabana wapi?"

"Kwapani."

"Nani lilimbana?"

"Wote."

Akacheka kwa pua. "Basi halikuzaliwa koti la kilti. Lilikuwa koti la kawaida la mtu mwembamba, likakatwa. Baada ya vita tulikata mengi hivyo. Ulikuwa unatafuta kwenye rafu isiyo yake."

Akateremka, akaniletea koti la kawaida la sufu, la kuvaliwa na suruali, limetundikwa upande wa nguo za wakulima. Niliweka kiganja. Kiganja kikalitambua.

Fundi akalilaza mezani na chaki. Nilikaa kwenye kiti mkoba wangu mapajani nikitazama mkasi ukipita chini ya mifuko, pindo likianguka, kingo zikiviringwa. Ilimchukua mchana wote. Sikumwuliza kitu na hakuniuliza kitu, ila alipofika mikononi alisema, "Naweza kulegeza kwapa."

"Usiliguse," nikasema.

Jumatano nilikwenda kwa Effie na koti ndani ya karatasi. Nilikuwa nimepanga kusema limefuliwa. Alilifungua, akalinusa, akalipitisha vidoleni. Effie huwezi kumdanganya kwa kitambaa.

"Dolina. Lile liko wapi?"

"Hector yuko nalo."

Akalikunja koti mapajani; nje kuku wake alikuwa akitaga. Nilingoja matusi, nami nilistahili.

"Mume wangu Murdo alipokufa mwaka juzi," akasema, "nilikuja kwako. Unakumbuka?"

"Ulikuja kuomba sukari."

"Nilikuja kuomba koti. Nikafika mlangoni nikaona aibu, nikaomba sukari. Nikamzika na sweta ya kuchungia." Akalikunjua koti, akalinyoosha kwa kiganja. "Shetani wewe. Una moyo."

"Sikuwa na moyo, Effie. Sikuwa na akili."

"Vyovyote. Nipe sindano, kifungo kimoja kimelegea."

Kabla sijaondoka nilitoa bahasha. Tukatia vitu vyote mfukoni, yeye peremende na sarafu, mimi kile kijitawi.

Jumamosi watu walikuwa nje ya kanisa, mpiga zumari akipasha moto mashavu. Wazee wakalikagua koti, kama kawaida yao. Mmoja akasema limekuwa jipya ghafla. Mwingine akamjibu kwamba Dolina alilipeleka kufuliwa Inverness, ndiyo maana pesa hazikai kwake. Wakacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Hughie akatoka, mrefu, marinda ya kilti yakicheza nyuma ya magoti. Akainua mikono kama mtu anayetaka kuruka, akakunja uso.

"Mama, linanibana hapa kwapani."

Effie akamfunga kifungo cha katikati, akampiga kofi dogo kifuani. Hakunitazama.

"Ndilo lenyewe," akasema. "Ingia."