Baba Mkwe Darasani

Ambakisye alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha sabuni, na nyumbani kwake ni Mbagala. Alipokaribia miaka hamsini aliamua kusomea stashahada ya ufundi mitambo na matengenezo, masomo ya jioni. Muhula wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, mwalimu wao akahamishwa, na siku ya kwanza akaingia mwalimu mpya amebeba beringi kwenye ndoo. Alikuwa Bupe, mke wa mwanawe Daniel.

Kwa Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawazoeani. Kila Bupe alipofika ukweni na kumkuta mzee barazani, alizungukia mlango wa nyuma. Sasa alisimama mbele yake, chaki mkononi, macho ukutani.

"Shikamoo baba," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba," Ambakisye alijibu, akiinamia daftari.

Darasa zima likacheka.

Tangu hapo waliongea kupitia kwa Fransis, aliyekaa dawati moja na mzee.

"Fransis, mwambie baba mchoro wake hauna vipimo."

"Mzee, mchoro hauna vipimo."

"Mwambie nimesikia."

Fransis alichoka. "Jamani, mie nimekuja kusoma, sijaja kuwa mshenga!"

Kumbe Ambakisye alikuwa haelewi michoro kabisa. Kazini alizoea kusikiliza mashine inavyolia, akajua pa kushika. Kuuliza aliona aibu. Bupe naye aliliona hilo kila aliposahihisha kazi zake, likamuuma, ila hakujua aanzie wapi.

Jioni moja walikuwa karakana wakifunga pampu. Ambakisye alimaliza, akajifuta jasho, akapeleka mkono kwenye swichi. Spana alikuwa ameiacha imeng'ang'ania kwenye shafti. Angewasha, ingeruka na kumpiga mtu.

"Baba, acha!"

Bupe alimrukia, akamdaka mkono. Alipogundua amemshika nani, akauachia kama ameungua, akaanza kuomba radhi huku machozi yakimlenga.

Ambakisye aliitazama ile spana, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama mkamwana wake usoni.

"Unaomba radhi ya nini, mwanangu? Ungeninyamazia kwa heshima, sijui saa hizi tungekuwa wapi." Akavuta stuli. "Hebu kaa. Ile michoro siielewi hata kidogo. Nifundishe toka mwanzo."

"Mwanzo kabisa, baba?"

"Kabisa."

Bupe akacheka huku anafuta machozi, akachukua karatasi. Kuanzia siku hiyo mzee aliuliza maswali mpaka wenzake wakalalamika kwamba anawachelewesha kurudi nyumbani. Somo la michoro alilifeli mara moja, Bupe akamgombeza kama mwanafunzi mwingine yeyote, akarudia, akafaulu.

Siku ya mahafali dada yake Ambakisye alisafiri kutoka Tukuyu. Alipoona kaka yake na mkamwana wameketi bega kwa bega wakila pilau, akashika kiuno.

"Ambakisye! Ndiyo mambo ya Dar haya?"

"Dada, nyumbani huyu ni mkwe wangu. Hapa ni mwalimu wangu, na bila yeye nisingevaa hili joho."

Dada alisimama akiwatazama, mmoja baada ya mwingine. Mwishowe akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa Bupe.

"Haya, mwalimu," alisema, "nipakulie na mie. Sijala tangu jana."